Funga Kaye, Unielezee!

Wazazi, mtoto wenu wa mwaka wa 7 ao wa 8 akirudi toka masomo, munamuuliza nini? Wengi tunauliza tu: "Ulipata ngapi?" Akipata vizuri, tunafurahi, akikosa, tunamukaripia. Lakini habari ya mambo aliyofundishwa hatuulizi. Tunasema: "Miye sikusoma sana, Kifaransa kinanishinda, nitamusaidia namna gani?" Kumbe njia iko.

KAYE NDIYO KITABU

Tangu sheria ya mwaka 2014, mwaka wa 7 na wa 8 ni mwisho wa elimu ya msingi. Zamani tuliiita ya 1 na ya 2 ya sekondari. Katika madarasa mengi, juma la historia, jiografia na uraia linapita hivi: mwalimu anaandika somo ubaoni, watoto wanaliandika katika kaye, wanalijifunza nyumbani, na siku inayofuata mwalimu anauliza. Vitabu ni vichache, kwa hiyo kaye ndiyo kitabu.

Ndiyo sababu mtoto aliyeshinda mtoni akisafisha majiwe ya mgodi hapotezi siku moja tu. Ukurasa ule unabaki mweupe, na labda ulizo litatoka pale pale. Mwisho wa mwaka wa 8 kuna mtihani wa taifa, TENASOSP, wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Kurasa nyeupe zitaonekana siku ile. Kijana aliyekosa darasa aazime kaye ya mwenzake jioni ile ile, asingoje juma liishe.

KUKARIRI SI KUJUA

Mtoto anaweza kusema kwa Kifaransa kizuri kwamba tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911. Umuulize sasa: "Mbele ya wazungu kufika, hakuna aliyeyeyusha shaba huku kwetu?" Ananyamaza. Na kumbe mababu walikuwa wakiyeyusha majiwe ya kijani kwa makaa, katika matanuru ya udongo, wakitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali, hata kwa kulipa mahari.

Basi fanyeni hivi:

"Papa, leo tulisoma juu ya shaba."

"Vizuri, mwanangu. Funga kaye, unielezee kwa Kiswahili."

Akieleza vizuri, amefahamu. Akigugumia, afungue kaye tena, asome, arudilie. Kisha aseme vilevile kwa Kifaransa, maana mwalimu atauliza kwa Kifaransa. Kazi hii haiombi diploma. Mama asiyejua kusoma anaiweza, na nkambo pia.

Kwa jiografia, achore mto Lualaba toka upande wa Kolwezi, upite Bukama, Kongolo na Kindu, mpaka Kisangani unapochukua jina la Kongo. Mara ya kwanza aangalie ramani; mara ya pili achore kwa kichwa.

WAZEE NAO WANA SOMO

Mtoto amuulize nkambo: Lubumbashi na Likasi ziliitwaje mbele ya mwaka 1966? Atajibiwa: Elisabethville na Jadotville. Na hapo nkambo hatanyamaza: ataeleza habari za kambi za wafanyakazi, za posho, za king'ora cha asubuhi. Mtoto aandike. Kama maneno ya mzee na ya kaye hayapatani, aandike yote mawili, amuulize mwalimu. Kuuliza namna hii ndiyo historia yenyewe.

WAKATI WA KAZI

Umeme unakatika usiku, tunajua wote. Kwa hiyo kazi ya masomo ifanyike mbele ya giza, nusu saa kila siku. Nusu saa ya kila siku inashinda usiku muzima wa kuamkia mtihani. Tena tuangalie binti zetu: kama ni yeye peke yake anayechota maji, anayepika na kuosha vyombo, atasoma saa ngapi? Kaka zake nao wana mikono.

Nanyi vijana, musingoje kusukumwa. Juma hili chagueni somo moja la historia, mulieleze kwa mtu mmoja wa nyumbani, kaye ikiwa imefungwa. Pale mutakapokwama ndipo pa kuanzia kusoma kesho.