Pipa la Bakteria: Kufuga Samaki Tabora Bila Kumaliza Maji ya Jirani

Mwanafunzi wa Tabora akikuambia anafuga samaki, swali la kwanza la wenyeji huwa moja: maji unayatoa wapi? Ni swali la haki. Mvua zikishaaga mwisho wa Aprili, mpaka Novemba tunaishi kwa kuhesabu ndoo. Kweli, maji ya Ziwa Victoria siku hizi yanafika mjini kwa bomba, lakini bili ni bili, na si kila ua una bomba. Kwenye geto letu tegemeo ni kisima kimoja kwa kaya tano. Bwawa letu lilipofikisha mwezi wa pili, mama mwenye nyumba alisema kwa upole, "Wanangu, samaki wenu wanakunywa kuliko sisi." Hakuwa akitania.

Sasa, kwa nini maji ya bwawa hubadilishwa? Si kwa sababu ya rangi. Maji ya kijani yanaweza kuwa salama, na maji maangavu yakaua. Adui ni amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua yake kila anapokula. Tupige hesabu ya bwawa letu: mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, yaani lita 4,800. Sato 60 wa gramu 80 kila mmoja wana uzito wa kilo 4.8. Wakila asilimia 2.5 ya uzito wao, ni gramu 120 za chakula kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 30 huacha kama gramu 28 za amonia kwa kila kilo, kwa hiyo bwawa linapokea gramu 3 na ushee kila siku. Hiyo ni miligramu 0.7 kwa lita. Siku ya tatu umevuka miligramu 2, na sato wanaanza kususa chakula. Maji yakiwa ya vuguvugu na yenye magadi, sumu inazidi makali. Na kambale asikudanganye: yeye huvuta hewa juu ya maji, anavumilia hali ambayo sato ameshaikimbia duniani.

Dawa ya wengi ni kumwaga nusu ya bwawa na kujaza upya. Nusu ya letu ni lita 2,400, madumu 120 ya lita 20. Hapo ndipo ugomvi na majirani unapozaliwa.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na kabla ya kufika, wapagazi walivuka Mgunda Mkali, pori la kutoka Ugogo lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Pale hakuna aliyemwaga maji kwa kutegemea kujaza mengine mbele. Bwawa la Tabora nalo linataka hesabu ya Mgunda Mkali, sio hesabu ya Mwanza.

Na hesabu hiyo inawezekana, kwa sababu kuna bakteria ambao amonia kwao ni chakula. Kundi la kwanza, kama Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili, kama Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mboga huipenda. Hawa bakteria hawauzwi lazima dukani. Wapo kwenye udongo na maji yetu. Wanachotaka ni vitu vitatu: mahali pa kujishika, oksijeni ya kutosha, na muda.

Mahali pa kujishika ndiyo kazi ya pipa. Sisi tulitumia pipa la plastiki la lita 200. Hakikisha halikubeba viuatilifu. Linakaa juu ya matofali, pembeni ya bwawa. Pampu ndogo iliyo chini ya bwawa inapandisha maji kwenye ndoo yenye sponji, ambayo inakamata kinyesi na mabaki ya chakula. Kutoka kwenye ndoo, bomba linashusha maji hadi chini kabisa ya pipa, kisha yanapanda taratibu kupita kwenye kokoto, vipande vya tofali la kuchoma, na mifuko ya vitunguu iliyojazwa vifuniko vya soda vya plastiki. Vifuniko huelea, kwa hiyo weka jiwe ndani ya kila mfuko. Maji yanatokea juu na kudondoka bwawani kwa kishindo. Kile kishindo ndicho kinachoongeza oksijeni. Chini ya pipa weka koki ya kutolea tope.

Usichuje kwa chandarua cha mbu chenye dawa. Ile dawa ni sumu kali kwa samaki.

Pampu iweze kuzungusha bwawa zima angalau kila saa mbili. Kwetu ni lita 2,400 kwa saa. Ya wati 40 hula karibu uniti moja ya LUKU kwa siku. Tunachangia wanne, bumu halitetereki.

Halafu subira. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Kwa kipindi hicho weka samaki wachache, lisha kidogo. Ukimpata jirani mwenye chujio lililokomaa, omba konzi ya kokoto zake, ni mbegu hiyo. Sponji ioshe kwa maji ya bwawa lenyewe. Klorini ya bomba na sabuni vinaua wafanyakazi wako. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hukosa hewa na pipa huoza: fungua koki, mwaga kwanza, ndipo uwashe pampu. Majani ya mwembe nayo yaopoe kila asubuhi, maana yakioza yanarudisha amonia ileile.

Nitrati haiondoki yenyewe, kwa hiyo kila wiki tunatoa asilimia 10, madumu 24, na yote yanaishia kwenye mchicha wa mama mwenye nyumba. Kisima kinatoa kiasi hichohicho, pamoja na kinachokunywewa na jua. Si bure, lakini kaya tano zinaweza kukubaliana juu ya madumu 24 ambayo yangeenda bustanini vyovyote vile. Juu ya 120, hakuna kikao kitakachoisha salama.

Mwenye nia ya kuanza asisubiri kiangazi. Weka pipa mwezi wa nne, kisima kikiwa kimejaa. Ikifika Septemba, kamba ya kisima inaporefushwa, bakteria wako watakuwa na miezi mitano kazini.