Vidole Vilikuwa Vya Baridi

Ukikaa Tunduma wiki moja tu utaelewa kwa nini fundi wa kuunga mifupa hakosi watu. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yamejipanga barabarani, bodaboda zinapenya katikati yake. Lakini kisa changu hakina bodaboda. Nilikuwa huko kwa TP, na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alianguka uwanjani akicheza mpira, akavunjika mkono chini ya kiwiko.

Alipelekwa kupata matibabu, akafungwa P.O.P, lile hogo jeupe, akaambiwa arudi baada ya wiki nne. Usiku wa pili alilia hadi alfajiri. Baba yake akalilowesha hogo, akalikata kwa kisu, na kulipokucha wakaenda kwa babu anayeunga mifupa. Babu akamkanda kwa mafuta, akamfunga vipande vya mianzi na kitambaa. Maumivu yakapoa.

Niliposikia nilishindwa kujizuia. "Mzee, kwa nini hamkurudi hospitali?"

"Mwalimu, vidole vilikuwa vya baridi. Ningengoja nini? Na tungerudi na hogo limekatwa, si tungegombezwa?"

Jibu hilo lilinipeleka kusoma, na nikakuta kwamba kulifungua hakukosea. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba siku mbili tatu za mwanzo, na hogo halitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda unabana mishipa, damu haifiki kwenye misuli, na baada ya saa kama 6 misuli inaweza kuanza kufa. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alilieleza jambo hili mwaka 1881, akilaumu bandeji zilizokazwa mno. Bandeji za madaktari, jamani, si za waganga! Mianzi ikikazwa inaua kiungo kwa njia ileile, na hapo ndipo sifa mbaya ya waunga mifupa inapotoka: mguu unaoza, mtu anafika hospitali kukatwa.

Sasa mbona babu anaponya wengi? Kwa sababu mfupa hujiunga wenyewe. Damu iliyoganda pale ulipovunjika hugeuka tishu laini, kisha mfupa mgumu. Kazi ya fundi ni kuunyoosha na kuutuliza tu. Kama umepata ufa na haujahama, mianzi inatosha kabisa. Kinachomshinda ni kuona ndani. Mkono wa mwanafunzi wangu ulikuwa umehama, picha ya eksirei ilionyesha hivyo, lakini babu hakuiona, na waliompiga picha hawakujua hogo limetoka. Mfupa ukaunga umepinda. Leo hawezi kugeuza kiganja kikatazama juu. Akipewa chenji dukani anapokea kwa mkono mwingine.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na Baraza la kusajili waganga. Usajili peke yake haumfundishi mtu kulegeza kitambaa. Ethiopia walijaribu kitu rahisi: waliwapa waunga mifupa wa vijijini mafunzo ya siku moja, na utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa waliokatwa viungo kwa sababu ya kuoza walipungua sana. Siku moja! Semina zetu za chuo zinakula wiki.

Wewe unayekwenda TP, shika haya: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, kifungo kilegezwe saa hiyohiyo na mtu apelekwe hospitali, awe amefungwa na nani. Mfupa uliotoboa ngozi si wa babu hata kidogo, maana kidonda hicho kinaingiza vijidudu, pepopunda ikiwemo.

Kabla sijaondoka nilipita kumwona babu. Alitoa bahasha chini ya godoro, ndani kuna eksirei tatu za wagonjwa wake wa zamani.

"Mwalimu, hizi zinasemaje?"

Nikaishika moja kuelekea dirishani, nikaigeuza, nikamrudishia. Mimi ni wa Kiswahili na Historia.