Kufuli la Usukani Limekwama: Uoshe, Ununue au Ukate?

Pikipiki kuukuu ikikataa kufunguka usukani asubuhi, hasara huanza kabla fundi hajafika. Usukani umelala upande mmoja, kwa hivyo haisukumiki. Ni kuinua gurudumu la mbele au kutafuta pikapu. Mwendeshaji wa boda mjini Machakos, ambaye mwenye pikipiki anangoja hesabu yake jioni, hana subira. Humwambia fundi, "Kata tu." Kukata ni haraka, lakini ukijumlisha yote, huenda kukakugharimu zaidi ya swichi mpya.

Mwite fundi aje ulipo badala ya kuibeba pikipiki, na uwe na kitambulisho pamoja na nakala ya logbook. Fundi makini hafungui usukani wa pikipiki ambayo hamjui mwenyewe wake.

Kwanza jua kilichokwama

Katika pikipiki nyingi, swichi na kufuli ni kitu kimoja. Ukizungusha ufunguo hadi LOCK, silinda husukuma ulimi wa chuma ukaingia kwenye tundu la fremu. Baadhi ya zile za zamani zina kufuli pekee shingoni mwa fremu. Hilo huweza kutolewa bila kugusa nyaya. Lililoungana na swichi likiharibiwa, hata kuwasha kunakuwa shida.

Ufunguo ukiingia vizuri lakini ugome kuzunguka, huenda usukani unaubana ulimi. Sukuma usukani hadi mwisho, ulegeze kidogo, huku ukizungusha ufunguo taratibu. Ukifunguka, hujatoa hata shilingi. Ukiingia nusu, shuku vumbi au kutu. Ukizunguka ovyo na ulimi usirudi, kilichovunjika kiko ndani, na hakuna dawa ya kupuliza itakayokiunga.

Jaribu pia ufunguo wa akiba. Ukifanya kazi, ule wa kila siku ndio umelika. Chonga nakala kutoka kwa huo wa akiba, kwani ukinakili uliolika unanakili na ubovu wake.

Kuosha

Vumbi jekundu la barabara za vijijini, kisha maji ya presha ya pale pikipiki zinapooshwa, hugeuka tope ndani ya silinda. Puliza dawa ya kulegeza kutu, ngoja, chomeka na uchomoe ufunguo mara kadhaa, ukiupangusa kila unapotoka. Kufuli likikauka, weka unga wa grafati; hata risasi ya penseli iliyosagwa husaidia. Usitie oili ya injini, maana inakusanya vumbi upya. Ufunguo ukigoma usiulazimishe kwa koleo. Ukikatikia ndani, kazi ya bei ndogo imekuponyoka.

Kununua

Hapa kuna chaguo mbili. Swichi pekee ni nafuu, ila utatembea na funguo mbili, kwa kuwa tanki litabaki na ule wa zamani. Seti kamili huja na swichi na kifuniko cha tanki vya ufunguo mmoja, na wakati mwingine kufuli la kifuniko cha ubavuni.

Spea za Boxer na TVS hazisumbui kupatikana. Mwenye Yamaha AG100 au Suzuki TF125 ya miaka mingi huenda akalazimika kufika Nairobi, Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan. Ni zaidi ya kilomita 60, kwa hivyo jumlisha nauli na siku ya kazi iliyopotea. Beba swichi mbovu: linganisha idadi ya nyaya, umbo la soketi na nafasi kati ya matundu ya bolti. Muulize fundi pia kama bolti za swichi yako ni zile zinazokatika kichwa makusudi zikikazwa. Kuzitoa kunataka patasi au drili, na huongeza malipo.

Kukata

Fundi hutoboa silinda au huondoa ulimi. Malipo yake ni madogo, lakini sasa pikipiki inahitaji mnyororo. Kumbuka pia kwamba bima ya third party hailipi pikipiki ikiibwa.

Hatari nyingine ni grainda. Nambari ya chesisi mara nyingi imepigwa kwenye shingo ya fremu, karibu kabisa na kufuli. Ikikwaruzwa isisomeke, logbook ya NTSA haina tena cha kulinganishwa nacho, na siku ya kuuza au ya kusimamishwa na polisi utajieleza sana.

Hesabu ya mfano

Bei hizi ni za mfano tu. Weka ulizopewa dukani.

- Kuosha: dawa 400, fundi 200. Jumla 600.
- Swichi pekee: spea 1,000, fundi 400. Jumla 1,400.
- Seti kamili: spea 1,800, fundi 500. Jumla 2,300.
- Kukata: fundi 400, mnyororo na kufuli imara 1,200. Jumla 1,600.

Ukiuacha mnyororo nje ya hesabu, kukata kunashinda zote. Ukiuweka, swichi mpya inakuwa nafuu kuliko kukata kwa shilingi 200, na usukani bado unafungika.

Uamuzi

Kama ulimi unarudi, osha. Kama silinda imekufa na spea iko karibu, nunua swichi. Seti kamili inawafaa wale ambao kifuniko cha tanki nacho kinawasumbua. Kata pale tu spea imekosekana, au kufuli ni lile la pekee na tayari una mnyororo.

Usikubali kazi ya nusu. Ulimi uliolegea ukaachwa mahali pake unaweza kuchomoka unapopinda usukani hadi mwisho, kama vile ukigeuza pikipiki stejini ukiwa na abiria. Kabla ya kulipa, pinda usukani kulia na kushoto hadi mwisho, ufunge na kuufungua mara kadhaa, kisha uwashe injini na kuizima kwa ufunguo. Kikigoma kimoja, kazi haijaisha.