Kuhesabu Maneno Yanayorudiwa katika Mwanzo 1

Husikika mimbarani kwamba katika Mwanzo 1 tamko la wema wa uumbaji limerudiwa neno kwa neno mara 7. Tufungue Kiebrania tuhesabu. Neno tov, yaani jema, limo mara 7 kweli (mst. 4, 10, 12, 18, 21, 25 na 31). Lakini ki tov, "kuwa ni jema", ni mara 6 tu, kwa maana mst. 31 umebadili usemi. Nasi tukidai sentensi nzima, pamoja na tendo la kuona na jina la Mungu, zinabaki 5, kwa kuwa katika mst. 4 nuru imetajwa katikati. Septuaginta nayo imeongeza tamko hilo katika mst. 8.

Basi idadi hutegemea urefu wa kinachotafutwa. Kikirefushwa, hupungua au hubaki ileile, kamwe haizidi.

Je, tusipojua la kutafuta? Sura yote inakiliwa kuanzia herufi ya kwanza hadi mwisho, kisha kuanzia ya pili, vivyo hivyo hadi herufi ya mwisho. Nakala hizo zikipangwa kialfabeti, kama maneno ya kamusi, zile zenye mwanzo mmoja hukaa jirani, na marudio yote huonekana. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha mno. Kompyuta huimaliza upesi. Ila kompyuta hulinganisha alama tu: irabu za Wamasora zikiandikwa katika nakala moja na kuachwa katika nyingine, itahesabu tov moja kuwa maneno mawili.