Mikimbio 63, Hajatolewa

Haya, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na ni ya kweli tupu. Ilitokea Australia mwaka 2014, katika mchezo wa kriketi. Najua wengi wenu mmekulia kwenye kandanda, kwa hiyo nianze na mchezo wenyewe, la sivyo hamtaelewa kwa nini watu waliomboleza kwa namna ile.

Kwenye kriketi mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu, wa ngozi. Mwenzake wa timu pinzani anamsubiri na gongo pana la mbao, na nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu. Akiupiga mpira ukaenda mbali, anakimbilia upande wa pili, na kila akifika anahesabiwa mkimbio mmoja. Anaendelea hivyo mpaka atolewe, kwa mfano mpira ukiangusha vijiti vyake au ukidakwa kabla haujagusa nyasi. Fundi anaweza kupiga kutwa nzima. Timu ikimaliza zamu yake yeye bado yupo, kitabuni huandikwa idadi ya mikimbio yake, kisha: hajatolewa. Ni sifa hiyo. Na msidhani ni mchezo wa watu wa mbali tu, maana Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003.

Sasa tuje kwa Phillip Hughes. Alizaliwa Novemba 30, 1988, akakulia Macksville, mji mdogo wa jimbo la New South Wales. Baba yake alikuwa mkulima wa ndizi. Phillip alikuwa mfupi, alipiga kwa mkono wa kushoto, na alikuwa na mitindo yake ya shamba ambayo makocha wa mjini waliitazama wakatikisa vichwa. Lakini mikimbio ilimwagika. Mwaka 2009, akiwa na miaka 20, aliichezea Australia kule Afrika Kusini. Zamu yake ya kwanza kabisa alitolewa na sifuri! Mechi iliyofuata, mjini Durban, akapata 115, na zamu ya pili akapata 160. Hakuna mchezaji mdogo kuliko yeye aliyewahi kupata mikimbio mia au zaidi katika kila zamu ya mechi moja ya kimataifa ya siku tano.

Baada ya hapo akatemwa na timu ya taifa, akarudishwa, akatemwa tena. Nadhani ndiyo sababu watu walimpenda hivyo. Bingwa asiyewahi kuanguka tunamshangilia, ila huyu anayeanguka na kurudi tunamwona kama ndugu.

Novemba 25, 2014 alikuwa akiichezea timu ya jimbo la South Australia katika uwanja mkubwa wa kriketi wa Sydney. Wengi walitarajia angeitwa tena timu ya taifa wakati wowote. Mama yake na dada yake walikuwa wanatazama. Alikuwa amefikisha mikimbio 63 wakati kijana wa miaka 22, Sean Abbott, aliporusha mpira uliodunda na kupanda juu. Mpira wa hivyo unaruhusiwa, na Phillip alisharushiwa maelfu. Alizungusha gongo mapema mno. Helmeti alivaa, ila mpira ulimpata shingoni, pale chini ambapo helmeti haikufika. Mshipa wa damu ulichanika, damu ikavujia kwenye ubongo, jeraha ambalo madaktari walisema ni nadra sana. Hakuzinduka tena. Alifariki Novemba 27, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 26.

Sisi tukifiwa tunakwenda msibani. Tunakaa matanga, tunatandika mikeka, wengine wanapika, wengine wanakaa kimya tu na wafiwa. Shabiki aliyeko Mumbai au London atakwenda matanga gani? Mtu mmoja wa Sydney alitoa gongo lake la kriketi, akaliegemeza nje ya nyumba, akapiga picha na kuituma mtandaoni, akawaomba wengine nao watoe magongo yao. Wakatoa. Yaliegemezwa kwenye milango, malango ya shule, kuta za vilabu, mengi yakiwa yamevishwa kofia. Yalikuwepo magongo mapya ya wachezaji maarufu na magongo ya plastiki ya watoto. Huko Sharjah, timu za Pakistan na New Zealand zilikuwa katikati ya mechi. Siku moja ya mchezo ikaahirishwa, na waliporudi, wachezaji wa New Zealand walipanga magongo na kofia zao nje ya chumba chao.

Wakubwa wa kriketi Australia nao walifanya jambo moja ambalo halikuhitaji fedha wala hotuba. Phillip alipotoka uwanjani amebebwa, kitabu kilionyesha kwamba ameondoka kwa kuumia. Walilibadilisha andiko hilo. Sasa linasomeka: 63, hajatolewa.

Mnataka kuuliza habari za Abbott, naona. Swali zuri. Katika misiba mingi hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na yeye alikuwa karibu na rahisi kuonekana. Lakini wachezaji wenzake walimzunguka, na mashabiki wakamtumia salamu nyingi za kumtia moyo. Wiki mbili baadaye alirudi kwenye uwanja uleule wa Sydney akawatoa wapigaji sita wa timu ya Queensland katika zamu moja.

Mazishi yalifanyika Macksville, Desemba 3, katika ukumbi wa shule ya sekondari ya mji huo. Siku sita baadaye Australia ikakutana na India mjini Adelaide. Kwenye nyasi iliandikwa 408, namba ya Phillip katika orodha ya waliowahi kuichezea Australia mechi za siku tano, na uwanja mzima ukapiga makofi kwa sekunde 63. David Warner, aliyekuwepo uwanjani siku ile ya Sydney, alipofikisha mikimbio 63 alitazama mbinguni, na watu wakasimama.

Je, mipira ya kupanda juu iliachwa? Haikuachwa. Katika mechi hiyohiyo Mitchell Johnson wa Australia alimgonga Virat Kohli wa India kwenye helmeti, na Waaustralia wakamkimbilia mpinzani wao kumwangalia kabla ya jambo lingine lolote. Kohli alikuwa mzima, akapata mikimbio zaidi ya mia katika kila zamu. Kilichobadilika ni kinga. Helmeti ziliongezwa vilinda shingo, na tangu 2019 mchezaji wa kimataifa aliyegongwa kichwani akatikisika ubongo anaweza kubadilishwa na mwingine. Wa kwanza kuingia kwa kanuni hiyo katika mechi ya siku tano alikuwa Marnus Labuschagne wa Australia, katika uwanja wa Lord's, London, baada ya mwenzake Steve Smith kugongwa shingoni na mrushaji wa Uingereza, Jofra Archer. Mpira wa pili tu ambao Labuschagne alirushiwa na Archer ulimpata usoni, kwenye vyuma vya helmeti, ukamwangusha chini. Akainuka, akajipangusa, akaendelea hadi mikimbio 59.