Ushauri wa afya ya mtoto: uhifadhi wapi kwenye simu?

Mtoto akianza kuharisha saa nane usiku, mzazi wa siku hizi hukimbilia simu. Anakumbuka kwamba mwezi uliopita alisoma jinsi ya kuchanganya ORS, lakini hakumbuki wapi. Ni kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kliniki, au ile picha ya skrini iliyozikwa chini ya picha za harusi? Anapekua, bando linakata, mtoto anazidi kulegea.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Pakiti ya kawaida ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama (soma kipimo kwenye pakiti), hutumika ndani ya saa 24, na mtoto hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani au choo kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kazi ni kuyaweka mahali utakapoyapata haraka. Hizi hapa njia za kuchagua.

Nyota ya WhatsApp na picha ya skrini

Ndizo tunazotumia wengi, kwa sababu hazihitaji kujifunza kitu. Lakini ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauonyeshi nani aliuandika wala lini. Picha ya skrini nayo hukata jina la tovuti na tarehe. Kwenye suala la dozi ya dawa, hayo mawili ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ni bora kuhifadhi kiungo cha ukurasa wenyewe.

Alamisho za Chrome

Simu nyingi za Android zinakuja na Chrome. Bonyeza vidoti vitatu, kisha nyota, na ukurasa unaingia kwenye alamisho zako. Mshale unaoelekea chini hupakua ukurasa mzima ili uusome hata bila bando. Kwa mzazi mwenye kurasa tano au kumi za dharura, hii inatosha. Kumbuka tu kwamba alamisho zinaweza kukufuata kwenye simu mpya ukiwa umeziunganisha na akaunti yako ya Google, lakini kurasa ulizopakua hubaki kwenye simu ya zamani.

Raindrop.io na Instapaper

Ukishakuwa na kurasa nyingi za chanjo, lishe na shule, Raindrop.io inakusaidia kuzipanga kwenye mafungu, na huduma yake ya bure haina kikomo cha kurasa. Instapaper, iliyoanza 2008, inamfaa zaidi msomaji wa makala ndefu. Huondoa matangazo, ikabakiza maandishi unayoweza kusoma ndani ya daladala bila intaneti.

Ushauri ukibadilika, nani atakuambia?

Hapa ndipo alamisho inapoishia. Chukua chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilipoanza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, binti alipewa dozi mbili. Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali pia utaratibu wa dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia kwenye dozi moja. Mama aliyehifadhi ukurasa wa 2019 anaweza kuwa bado anasubiri dozi ya pili.

Dawa yake ni mlisho, yaani RSS. Tovuti yenye mlisho hupeleka vichwa vya habari zake mpya kwenye programu uliyochagua, nawe unavisoma pamoja bila kutembelea tovuti moja moja. WHO na BBC Swahili wana milisho.

Programu mbili zinazojulikana ni Feedly na Inoreader. Bila malipo, Feedly inakuruhusu kufuata vyanzo 100 na Inoreader 150, wakati mzazi anahitaji kama vitano tu. Anayeanza ataiona Feedly kuwa nyepesi. Inoreader ina mipangilio mingi zaidi, inayomfaa aliyekwisha kuzoea. Tovuti isiyo na mlisho iwekee alamisho na uipitie mara moja kwa mwezi.

Usiweke mayai yote kapu moja

Huduma hizi hufungwa. Google Reader, iliyopendwa na wafuatiliaji wa milisho, ilifungwa Julai 1, 2013. Pocket ya Mozilla, iliyotumika kuhifadhi makala, ilifungwa Julai 8, 2025. Aliyetaka kubaki na orodha yake ilibidi aitoe mapema. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, hakikisha programu inakuruhusu kupakua orodha yako kama faili. Raindrop.io, Instapaper na Feedly zinaruhusu. Fanya hivyo kila baada ya miezi sita.

Kama muda ni mdogo, anza na mambo matatu wiki hii: pakua ukurasa mmoja wa ORS na mmoja wa dalili za hatari kwa mtoto, fuata chanzo kimoja cha afya unachokiamini, kisha andika namba ya kituo chako cha afya kwenye karatasi na uibandike ukutani. Simu ikizima, ukuta hauzimi.