Sharti la Sanamu

Miongoni mwa masimulizi aliyoyaacha Dakta Albert Winsemius, mwanauchumi wa Kiholanzi aliyekuwa mshauri wa serikali ya Singapuri tangu 1961 hata 1984, imo habari moja fupi ambayo tangu siku niliyoisoma imekataa kunitoka moyoni. Asema kwamba ujumbe wa Umoja wa Mataifa aliouongoza ulipokwisha kukikagua kisiwa kile, bandari yake na viwanda vyake vichache na mitaa yake iliyojaa vijana wasio na kazi, alikwenda mbele ya Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akamwambia kuwa mpango wote wa kuvuta mitaji ya kigeni ulikuwa na masharti mawili ya kutangulia. La kwanza, wakomunisti waondolewe serikalini, waondolewe katika vyama vya wafanyakazi, waondolewe barabarani, na namna ya kuwaondoa haikuwa shughuli ya mwanauchumi. La pili, sanamu ya Raffles iachwe isimame pale pale iliposimama.

Mambo ya Singapuri kwa jumla yanafahamika, na viongozi wetu wameyataja majukwaani mara nyingi: kisiwa kisicho na madini wala maji ya kukitosha, kilichotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, kikayaalika makampuni ya nje wakati mataifa mengi machanga yalipokuwa yakiyafunga au kuyataifisha, na leo kimekuwa miongoni mwa mahali panapopokea mitaji mingi kabisa ya kigeni duniani, ambapo mgeni aweza kuimiliki kampuni yote peke yake katika sekta nyingi, na kodi ya makampuni ni asilimia 17. Hayo mtu atayasoma popote. Lakini sanamu ina kazi gani katika mambo ya kodi na viwanda, na kwa nini mtu mwenye hesabu kali kama Winsemius aliipa nafasi ya pili katika masharti yake, mbele ya barabara, mbele ya umeme, mbele ya shule?

Sanamu yenyewe ni ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji wa Kiingereza Thomas Woolner, nayo yamwonyesha Sir Stamford Raffles wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki amesimama wima, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyekwisha kuamua jambo wala hana haja ya kulijadili tena. Huyu ndiye aliyeshuka kisiwani Januari 1819, na tarehe 6 Februari mwaka huo akatia saini mkataba na Sultani Hussein na Temenggong Abdul Rahman, mkataba ulioipa kampuni yake ruhusa ya kuweka kituo cha biashara. Sanamu ilizinduliwa tarehe 27 Juni 1887, katika sherehe za kutimia miaka 50 ya enzi ya Malkia Victoria, ikasimamishwa katika uwanja wa Padang, uso umeelekea baharini. Uwanja ule ulikuwa wa michezo, basi haukupita muda sanamu ikawa inapigwa na mipira, na watazamaji wanakaa juu ya msingi wake wapate kuona vizuri, hata wakubwa wakaona heshima yake inavunjwa. Mwaka 1919, kisiwa kilipotimiza miaka 100 ya utawala wa Kiingereza, ikahamishwa mbele ya Jumba la Ukumbusho la Victoria, ikazungushiwa nguzo katika umbo la nusu duara, na mbele yake pakajengwa bwawa la marumaru. Wamalai walimwita orang besi, yaani mtu wa chuma.

Wala haikuwa sanamu isiyojua kupinduliwa. Wajapani walipouteka mji mwaka 1942 waliiondoa wakaitia katika jumba la makumbusho, na zile nguzo zikaangamia katika masaibu ya vita. Mwaka 1946 Waingereza wakairudisha mahali pake, safari hii bila fahari yake ya zamani. Kwa hiyo Winsemius alipofika, watu wazima wote wa mjini walikuwa wamekwisha kushuhudia kwa macho yao kwamba mtu wa chuma aweza kuondolewa, na kwamba kuondolewa kwake ni tangazo la nani mwenye mji. Na waliokuwa na mji sasa walikuwa wana wa nchi, wa chama kilichoshinda uchaguzi wa 1959 kwa viti 43 kati ya 51, kikijitambulisha kwa ujamaa na kwa uadui wake na ukoloni. Kama kulikuwa na jambo ambalo serikali ile ingeweza kulifanya kwa siku moja, kwa gharama ndogo na kwa shangwe kubwa, ni kuiangusha sanamu ile.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayaelewa hayo bila kufundishwa. Sanamu ya Mjerumani Wissmann iliondoka Dar es Salaam mara Waingereza walipoushika mji katika Vita Kuu ya Kwanza, na ile ya Lord Delamere ikaondoka katika barabara yake ya Nairobi ulipoingia uhuru. Hakuna aliyeona ajabu. Anayetoka katika kutawaliwa ana haki ya kuuchagua uso atakaoamkia kila asubuhi. Ndiyo maana nasaha ya yule Mholanzi ilinichoma kwanza kabla ya kunifundisha. Nilijiuliza ni mgeni gani huyu anayewaambia watu waliokwisha kuchoshwa na dharau kwamba wamwache bwana wao wa kale asimame, tena wamwache kwa faida ya mabwana wengine watakaokuja na fedha.

Sababu yake, kadiri alivyoieleza mwenyewe na kadiri Lee alivyoisimulia baadaye katika kumbukumbu zake, ilikuwa hii. Mwenye mtaji aliye mbali hawezi kuziona nia za serikali mpya. Anaziona alama tu. Atasikia ahadi za mawaziri, lakini ahadi kila nchi inazo. Wakati ule wawekezaji walikuwa wakitazama serikali hii ya kijamaa itaifanyia nini sanamu ya Raffles, na kuiacha kungekuwa tamko la hadharani kwamba nchi imekubali kurithi yale yaliyotangulia pamoja na uhusiano mzito na nchi za Magharibi, uhusiano ambao mpango wa uchumi ungeuhitaji mno, kwani huko ndiko yaliko masoko, maarifa ya viwanda na watu waliozoea kuviendesha. Na msomaji akitaka kujua kwa nini hofu ya wawekezaji ilikuwa ya kweli, akumbuke kwamba mwaka 1957, ng'ambo ya mlango wa bahari tu, Indonesia ilikuwa imezitwaa mali za makampuni ya Kiholanzi.

Winsemius hakuwa mtu wa falsafa za juu. Alizaliwa Leeuwarden mwaka 1910, akaanza maisha katika kazi ya jibini kabla ya kusoma uchumi, na baada ya Vita Kuu ya Pili akasimamia ujenzi wa viwanda vya Uholanzi iliyokuwa imebomolewa. Asimulia kwamba miezi ya kwanza kisiwani ilimtia huzuni: migomo isiyo na sababu aliyoweza kuielewa, ghasia kila mara, na wenzake katika ujumbe wakakata tamaa, wakiona wanatazama soko dogo maskini katika pembe ya giza ya Asia. Hata hivyo alirudi mwaka baada ya mwaka, hakuchukua mshahara, serikali ikamlipia ndege na hoteli tu; na kila alipokuja alikaa na maofisa, akakaa na wakuu wa makampuni ya kigeni, akakaa na viongozi wa wafanyakazi, kisha akaenda kwa Waziri Mkuu kumweleza wageni wanasema nini wakiwa hawasikiwi. Lee alikiri kwamba ni kwake alikojifunza namna wakuu wa makampuni ya Ulaya na Marekani wanavyofikiri.

Nimeona kwamba fikra hiyo ya alama ndiyo iliyofuatwa katika mambo mengi mengine. Lee anasimulia habari ya William Hewlett wa kampuni ya Hewlett-Packard, aliyekuwa anakuja kuzuru orofa mbili za juu za jengo la orofa sita ambazo kampuni yake ilikuwa imezikodi, na siku zikakaribia ilhali mtambo wa umeme wa kuendeshea lifti haujafungwa. Bodi ya Maendeleo ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa nasaha ya ujumbe wa Winsemius, haikukubali mgeni apande ngazi orofa sita. Ikavuta waya mnene ajabu kutoka jengo la jirani, na siku ya ziara lifti ikapanda. Kampuni ikawekeza. Sheria nazo zilisema neno hilo hilo kwa lugha yake: mwaka 1967 kodi ya faida itokanayo na bidhaa za kuuzwa nje ilishushwa kwa viwanda vilivyokubaliwa kutoka asilimia 40 hadi 4. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha, nasi tulikuwa tukiwaambia wananchi wetu, kwa insafu kubwa na kwa mapenzi ya kweli, kwamba njia kuu za uchumi zitakuwa mikononi mwao.

Lakini mahali ambapo Winsemius ananivutia kuliko pote ni katika masimulizi ya namna Singapuri ilivyokuwa kituo cha fedha. Alimwuliza rafiki yake, mkuu mmoja wa Bank of America, ifanyeje ili ndani ya miaka kumi iwe kitovu cha fedha cha Asia ya Kusini-Mashariki. Yule akamwambia aje London. Alipofika, akamsimamisha mbele ya tufe kubwa la dunia, akaanza kumwonyesha: shughuli za fedha zaanza Zurich saa tatu asubuhi, kisha yafungua Frankfurt, kisha London, jioni inapowafikia hao, New York iko wazi, na baada yake San Francisco. San Francisco ikifunga, dunia yafunikwa pazia. Hakuna linalofanyika hata Waswisi waamke tena. Singapuri ikitiwa katika pengo hilo, itapokea kazi kutoka San Francisco na kuikabidhi Zurich, na kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa ulimwengu biashara ya fedha itazunguka saa 24 bila kulala. Mwaka 1968 serikali iliiondoa kodi ya riba kwa fedha za wageni wasioishi nchini, na soko la dola za Asia likaanza. Kwangu mimi hapo ndipo penye fursa yenyewe: si katika kumbembeleza mgeni, bali katika kulitazama tufe na kuuliza pengo liko wapi ambalo nchi yetu peke yake ndiyo iliyokaa penye kulijaza.

Sasa nirudi kwenye sharti la kwanza, ambalo wanaoisifu Singapuri hulipita haraka. Tarehe 2 Februari 1963, katika msako ulioitwa Operation Coldstore, watu zaidi ya 100 walikamatwa usiku na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani: wanasiasa wa upinzani, viongozi wa wafanyakazi, waandishi, wanafunzi. Wanahistoria wangali wakibishana ni wangapi kati yao waliokuwa wakomunisti kweli na wangapi walikuwa wapinzani tu. Mwaka 1966 akakamatwa Chia Thye Poh, aliyekuwa mbunge na mwalimu wa fizikia, akashikiliwa miaka 23 bila kesi, kisha akahamishiwa kisiwa kidogo cha Sentosa, na vikwazo vya mwisho juu yake havikuondolewa hata 1998. Winsemius alipostaafu ushauri mwaka 1984, Chia alikuwa bado kifungoni.

Namheshimu Winsemius, na sioni kwamba alikuwa na nia mbaya. Lakini siwezi kuyapima masharti yale mawili kwa mizani moja. La sanamu liligharimu kiburi, na kiburi chaweza kulipwa kwa kazi na nyumba na shule. La kwanza liligharimu umri wa watu. Aliyesema kwamba namna ya kuwaondoa si shughuli ya mwanauchumi alikuwa amekwisha kuiingiza namna hiyo katika hesabu zake. Je, la pili lingefaulu bila la kwanza? Mitaji ingekuja katika nchi yenye migomo, yenye magazeti yenye kubisha, lakini yenye mahakama za haki na mikataba isiyovunjwa? Nimetafuta jibu katika maandishi ya wanaoipenda Singapuri na katika ya wanaoilaumu, na kila upande unanijibu kana kwamba swali ni jepesi.

Sanamu ingalipo. Mwaka 1972 ilitengenezwa nakala nyeupe ikasimamishwa kando ya mto, na mwaka 2019, miaka 200 ilipotimia, nakala hiyo ikawekewa kwa muda wenzake wanne, wa kwanza wao Sang Nila Utama, mwana wa mfalme anayetajwa na tarikhi za Kimalai kuwa ndiye mwanzilishi wa mji karne kadhaa kabla ya Mwingereza. Misamaha ya kodi iliyokuwa chambo nayo yapungua nguvu, kwani tangu 2025 makampuni makubwa ya kimataifa hutozwa huko kodi isiyopungua asilimia 15. Na Singapuri yenyewe imegeuka mwenye mtaji anayetafuta mahali: mwaka 2013 kampuni yake ya Pavilion Energy ilifanya mapatano ya kununua asilimia 20 ya haki katika vitalu namba 1, 3 na 4 vya gesi katika bahari ya Tanzania. Basi wamefika kwetu, nao bila shaka wanatafuta alama kama walivyotafutiwa. Ni wajibu wetu kuamua wenyewe, kabla mshauri yeyote hajatuamulia, ni ahadi ipi tutakayoiweka hadharani na kuitimiza kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Na kabla ya kuitoa tuulize kwa majina ni nani kati yetu atakayeilipia.